Shahidi wa Shibiri Moja

Kwenye kazi ya kupima viwanja, kabla sijafungua mashine wala kukunjua ramani, huwa naanza na habari za miti. Ule mwembe alipanda nani? Ile minazi ilikuwepo mlipohamia? Minyaa ya upande wa kule mliiweka nyie au jirani? Mwenye kiwanja hushangaa, maana alitegemea nianze na bikoni, zile alama za mpaka. Bikoni nitazifikia. Tatizo ni kwamba bikoni ni saruji na nondo, na katika jiji hili la Dar es Salaam saruji inatembea. Nimeshaona Goba bikoni ikilala upande huu wa uzio na kuamkia upande wa pili, majirani wote wawili wakiapa kwa Mungu kwamba haijaguswa tangu enzi za Mwalimu, wakati mtaa wenyewe ulipimwa juzi tu. Mwembe ambao watu wawili wanaukumbatia kwa shida hauna tabia hiyo.

Wazee wa Pwani walilijua hili zamani sana. Ukiazimwa shamba, lima mihogo, lima mpunga, lima kunde, hakuna atakayekusemesha. Mti wa kudumu ndio hupandi. Ukichomeka mnazi, mkorosho au mwembe umeshaanza kudai, na mwenye shamba akinyamaza leo, wanawe watakuja kugombana na wanao. Tena mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyoushika ikawa ya mwingine. Ukienda Mafia na Unguja utakuta mambo hayohayo. Kwa hiyo mti ulikuwa hati kabla ya hati kuletwa. Ndiyo sababu ikisikika kwamba barabara inapanuliwa na wathamini wa fidia wanapita wiki ijayo, migomba na mipapai huota usiku mmoja kwenye viwanja ambavyo jana vilikuwa mchanga mtupu. Mthamini mzoefu hang'oi yote. Anang'oa mmoja, anatazama mizizi, anacheka, anaendelea na safari.

Nimeanzia huko ili nieleweke ninaposema kwamba tangu Aprili kuna ua dogo jeupe la Ulaya limenikaa kichwani, ua ambalo sijawahi kulishika kwa mkono wangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anafanya kazi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku yake ya mapumziko alinitumia video akiwa kwenye msitu mdogo uliobaki kando ya mji. Miti haikuwa na jani hata moja. Chini yake, mpaka jicho linapoishia, maua meupe. "Shikamoo mjomba. Ona huku! Mwezi uliopita palikuwa na majani makavu tu, na hakuna aliyepanda." Nikaitikia marahaba, kisha nikamwuliza swali langu la kazini: nani kakwambia hakuna aliyepanda? Akasema ni bibi mmoja anayemhudumia, mzaliwa wa mji huohuo. Bibi huyo alimwambia pia kwamba maua yale ndiyo yanayoonyesha kuwa msitu ule haujawahi kufyekwa ukawa shamba. Hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Ua lenyewe ni Anemone nemorosa. Jina hilo alilipa Carl Linnaeus, Msweden, mwaka 1753. Ni mmea wa shibiri moja, mara nyingi pungufu. Una kishina chembamba, majani matatu yaliyochanikachanika yanayokizunguka mahali pamoja, na juu kabisa ua moja tu. Vile vipande vyeupe, ambavyo kwa kawaida ni sita au saba, si petali. Petali, yale majani ya rangi ya ua, haina kabisa. Ni sepali, vile vifuniko vya tumba, zilizobeba kazi isiyo yao, na mgongoni zimeiva wekundu kidogo. Nekta pia haina, kwa hiyo mdudu anayeitembelea anafuata chavua. Jua likiwaka ua linafunguka. Usiku ukiingia, au mvua ikikaribia, linajifunga na kuinamisha kichwa.

Ratiba yake ndiyo iliyonishangaza zaidi. Sisi huku tunahesabu mwaka kwa maji: masika, vuli, na kiangazi cha kati. Mtu anayepita vichaka vya Pugu mvua zinapoanza anaweza kukutana na Scadoxus multiflorus, lile duara jekundu la maua linalochomoza kutoka kwenye kitunguu kilicholala ardhini wakati wote wa ukame. Anemoni nayo imelala ardhini, lakini maji haiyasubiri, maji ipo nayo karibu mwaka mzima. Inasubiri mwanga. Miti ya misitu ya kule hupukutisha majani wakati wa baridi na kuyarudisha Aprili na Mei. Kati ya baridi kulegea na majani kufunga paa la msitu kuna wiki chache ambazo jua linafika mpaka chini, na mmea huu unamaliza shughuli zake za mwaka mzima ndani ya wiki hizo. Unatoa majani, unachanua, unatengeneza chakula na kukirudisha ardhini. Kiangazi chao kikifika katikati, juu hakuna kitu. Ukipita Agosti unaweza kuapa mahakamani kwamba hapajawahi kuwa na ua.

Kinachobaki chini ni shina linalotambaa, jembamba, la rangi ya kahawia, linaloenda ubavuubavu kama tangawizi. Hilo ndilo linalonihusu mimi mpimaji. Mbegu za anemoni nchini Uingereza hazioti kwa wingi, na zinazoota hubebwa na sisimizi, ambaye si msafiri wa mbali. Kwa hiyo mmea unategemea zaidi shina lake la chini, ambalo husogea kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka. Waingereza hupenda kutaja kipimo cha futi sita kwa kila miaka 100. Futi sita ni kama mita 1.8. Bikoni ya Goba ilizidi hapo usiku mmoja.

Sasa piga hesabu. Chukua msitu uliofyekwa, ardhi ikalimwa kwa plau mwaka baada ya mwaka, yale mashina yakakatwakatwa na kukauka. Vizazi vikapita, mwenye ardhi akaamua kurudisha miti. Miti itarudi, ndege watarudi, na baada ya miaka 80 mgeni ataingia humo na kusema huu ni msitu wa tangu na tangu. Lakini anemoni iliyobaki kwenye msitu wa jirani, nusu kilomita kutoka hapo, ikitegemea shina lake peke yake itahitaji zaidi ya miaka 27,000 kufika. Ukiikuta imetandaa katikati ya msitu, basi uwezekano mkubwa ni kwamba haikuja. Ilikuwepo.

Wenzetu hawakuacha jambo hili liishie kwenye mazungumzo ya bibi na mjukuu. Mwaka 1974 mwanaikolojia George Peterken alichapisha orodha ya mimea ya namna hii kutokana na kazi yake kwenye misitu ya Lincolnshire. Oliver Rackham, wa Cambridge, aliyefariki mwaka 2015, alitumia maisha yake kulinganisha hati kuukuu za makanisa na mabwanyenye na kile kilichokuwa kinaota ardhini. Leo England msitu huhesabiwa kuwa wa kale ukiwa umekuwepo mfululizo tangu mwaka 1600. Scotland mstari umewekwa 1750. Mwaka 1600 wenyewe hauna uchawi. Kabla ya wakati huo watu wa huko hawakuwa na desturi kubwa ya kupanda misitu, kwa hiyo uliokuwepo yaelekea ulijiotea, na ramani za kutegemewa nazo zinaanza kupatikana karibu na hapo. Mwenye kutaka kujenga kwenye msitu wa namna hiyo anaulizwa maswali magumu zaidi kuliko anayejenga kwenye miti iliyopandwa juzi. Maua ya shibiri moja yamo kwenye ushahidi.

Mimi nimekaa sana kwenye mabaraza ya ardhi, simwamini shahidi kabla hajaulizwa maswali ya upande wa pili. Na huyu anayo ya kujibu. Kwanza, huuzwa kwenye vitalu vya maua. Mtu anaweza kumpanda bustanini na akakaa. Pili, kaskazini na magharibi mwa Uingereza, kwenye hali ya hewa yenye unyevu, huota pia nje ya msitu: kwenye malisho, na kwenye nyufa za miamba ya chokaa. Anemoni ya malishoni inaweza kuwa masalia ya msitu uliokufa zamani, au inaweza kuwa imeridhika tu na ubaridi wa mahali hapo. Leeds ipo karibu na maeneo hayo. Ndiyo maana wataalamu hawamsikilizi peke yake; wanataka mimea mingine ya orodha iwe imesimama naye palepale, kila eneo na orodha yake. Hilo limenifanya niwaheshimu zaidi. Kwetu shahidi mmoja mwenye sauti kubwa hutosha kumaliza kesi.

Nilimwomba mpwa wangu apime kundi moja kwa hatua. "Mjomba, watu wananiangalia." Akapima hivyohivyo. Lilitoka kama mita 8 kutoka ukingo hadi ukingo. Kama lilianza na mmea mmoja katikati na kutanuka pande zote kwa mwendo ule, limechukua zaidi ya miaka 200. Kama ni makundi manne yaliyokutana njiani, hesabu inashuka sana, na kwa macho huwezi kujua. Hata hivyo niliiweka mezani hesabu ile kubwa ili nione inafikia wapi. Miaka 200 iliyopita Dar es Salaam haikuwepo. Palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hakuanza kujenga majumba yake hapa mpaka miaka ya 1860. Yaani inawezekana kuna kundi la maua kando ya Leeds, unaloweza kuliruka kwa hatua chache, ambalo ni kubwa kwa umri kuliko jiji lenye Kariakoo, Magomeni, Temeke na Mbagala yake yote.

Kuhusu kulila, asijaribu mtu. Jani likipondwa hutoa kemikali iitwayo protoanemonini, inayobabua ngozi na kuunguza mdomo na tumbo. Mmea ukikauka kemikali hiyo hugeuka na kupoteza ukali. Sumu hii ni ya ukoo mzima, jamii ya Ranunculaceae yenye spishi zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za nchi za baridi.

Ila ukoo huohuo umo jikoni kwako. Habasoda, zile punje nyeusi unazochota kwa kijiko kwenye maduka ya viungo ya Kisutu na Kariakoo, zile zinazopakwa juu ya mkate na kukamuliwa mafuta ya kila ugonjwa, zinatokana na Nigella sativa, na Nigella ni ndugu wa anemoni. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Nilimweleza muuza viungo mmoja undugu huo nikidhani atashangaa. Akaniuliza kama hilo jeupe nalo linauzwa kwa kilo.

Na kuna ndugu wa karibu zaidi, mwenye uraia. Juu ya Kilimanjaro, ukishauacha msitu na kuingia kwenye vichaka vya baridi, huota anemoni yetu wenyewe, Anemone thomsonii, nyeupe yenye wekundu mgongoni. Jina linatokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umasaini mwaka 1883 na kupeleka mimea kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, ambako Daniel Oliver aliipa majina. Wapagazi wanaipita na mizigo kichwani, watalii wanaipita wakitafuta pumzi. Huyo Thomson Dar es Salaam tunamfahamu kuliko tunavyodhani. Safari yake ya kwanza Afrika ilianzia hapahapa, Mei 1879, akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Johnston alikufa kwa kuhara damu kabla ya miezi miwili kwisha, huko Behobeho, na kijana wa miaka 21 akaachiwa msafara mzima. Aliyemwongoza kwa kweli ni Chuma, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Ua likabeba jina la Thomson. La Chuma sijaliona kwenye ua lolote, nami ningependa kuliona.

Mimea ya jamii hii katika Afrika Mashariki iliorodheshwa mapema, mwaka 1952, mwanzoni kabisa mwa ile kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyokamilika mwaka 2012. Miaka 60. Kuna watu walianza kazi hiyo na kuzeeka nayo.

Lakini anemoni ya Kilimanjaro haiwezi kunisaidia Chanika, ambako ndiko ninakopigia kambi siku hizi. Nikitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, ile wazee bado wanaiita Pugu Road, nikaupita uwanja wa ndege na malori ya taka yanayopanda kwenda dampo, naingia vilima vya Pugu. Kuna msitu pale, Pugu na Kazimzumbwi, na ni sehemu ya misitu ya pwani inayosifika duniani kwa mimea isiyopatikana kwingine. Mimea miwili ya jamii ya kunde imebeba jina la mahali: Baphia puguensis na Millettia puguensis. Mtu anayekuuzia kiwanja pembeni hapo atakwambia, kwa mdomo mkavu kabisa, "Hapa zamani pori tu, hapakuwa na kitu." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla yake. Mkaa umetoka humo, nguzo zimetoka humo, na kila mwaka uzio wa mtu unasogea kidogo kuelekea miti.

Ningetaka tuwe na orodha yetu. Isiwe ya wataalamu peke yao kwenye kabati la chuo kikuu. Iwe ya mpimaji, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ya mlinzi wa msitu. Mimea kumi au kumi na mitano ambayo ukiikuta pamoja unajua hapa halijapita jembe, na mingine ambayo ukiikuta unajua limepita. Hii ya pili wenyeji tayari wanayo kichwani. Ukiona mwembe katikati ya miti ya asili, palikuwa na nyumba. Ukiona mkorosho, palikuwa na shamba, na huyo hawezi kudai ukale mkubwa, maana Wareno ndio waliouleta kutoka Brazili. Ya kwanza ndiyo ngumu. Inataka mtu wa mimea atembee na mzee wa kijiji na wote wawili wawe tayari kubishana mchana kutwa.

Nilijaribu kutembea hivyo upande wa Kisarawe, mimi nikiwa na daftari, mbele yangu mzee aliyezaliwa hapohapo. Nilimwamkia, akaitikia, akasikiliza hadithi ya ua la Uingereza mpaka mwisho bila kunikatiza. Tukafika penye mkorosho mkubwa, umezungukwa na miti ya msitu pande zote, uko ndani ya mpaka wa hifadhi kwa mujibu wa ramani yangu.

"Huyo naye shahidi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, anaonyesha palilimwa.

"Palilimwa na baba yangu. Sasa mwanangu, hilo ua lako linasema watu waliufuata msitu. Huu mkorosho unasema msitu ndio uliotufuata sisi. Utaandika lipi?"

Nikamwambia yote mawili, kila moja na mahali pake. Nikaandika: mkorosho, mmoja, mita 40 ndani ya mpaka. Akainama akasoma, akatikisa kichwa. Ilikuwa mitatu, akasema, miwili ilianguka mwaka wa El Niño, na visiki bado vipo. Akatangulia kunionyesha.